Hina Bila Moshi

Siku niliyorudisha beji yangu, Nasra alinishika mkono pale kwenye ngazi za umeme akaniambia, "Auntie, write it down, otherwise nobody will believe you." Nasra kazaliwa hapahapa Birmingham. Kiswahili anakielewa chote, hata cha kusengenya, lakini akijibu anajibu Kiingereza. Basi nimeandika, tena kwa Kiswahili, kwa makusudi, ili asome polepole kama mtu anayechagua mchele na asiruke mstari. Na nyinyi wengine mliobaki kaunta, Wakenya, Wakongo, na yule kijana mpya wa Tanga wa upande wa mikoba, someni pia. Ya mshahara sitaandika. Mnaujua, na hakuna haja ya kukumbushana majonzi.

Jina langu Rukia, mzaliwa wa Unguja, mkaazi wa Alum Rock. Nimeuza manukato miaka ishirini na mitatu kwenye duka moja kubwa katikati ya mji, ghorofa ya chini, karibu na mlango. Kabla ya hapo nilisafisha ofisi, na pua yangu ilikuwa imezoea dawa ya chooni tu. Kazi nilipata kwa ubishi. Nilikwenda kununua zawadi ya harusi, muuzaji akanifungulia chupa ya kujaribia, nikanusa nikamwambia, "Hii imekaa juani, imeoza." Mwengine angenuna. Yeye aliichukua, akainusa, akaitazama, akaitia kwenye pipa la taka, halafu akaniuliza, "Unafanya kazi wapi, bab?" Hilo "bab" ndilo neno la watu wa mji huu kumwita yeyote wanayempenda au wasiyemjua jina, kama sisi tunavyosema mwanangu. Muuzaji huyo alikuwa Maureen, mkuu wa kaunta, mzaliwa wa Winson Green, mfupi, miwani imemning'inia kifuani, na sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara.

Kumwita mkubwa wangu wa kazi kwa jina tupu ulimi ulikataa. Nikamwita Bi Maureen. Aliniuliza maana yake nikamweleza kuwa ni heshima. Alifurahi hadi masikio yakamwiva. Baadaye wenziwe wakimwita Maureen tu alikuwa akinitazama kwa pembeni, kama mtu aliyevuliwa joho lake mbele za watu.

Siku yangu ya kwanza nilimpulizia bwana mmoja aliyekuwa anapita zake. Masikini, alipiga chafya kumi na mbili mfululizo, nilizihesabu kwa sababu sikujua la kufanya jengine. Bi Maureen alimpa maji na kitambaa, akamwomba radhi, halafu akanipeleka nyuma ya kaunta kunisomesha. Usimpulizie mtu bila ruhusa. Puliza kwanza kwenye kijikaratasi, ukipungepunge, uhesabu mpaka kumi, ndipo umpe. Akikipenda, mtilie kwenye mkono, na umwambie asisugue viganja, maana watu wote husugua, sijui nani aliwafundisha. Manukato yanataka muda. Ya mwanzo yatamdanganya, ya katikati yatamfurahisha, lakini yale yanayobaki jioni ndiyo atakayolala nayo. "Kama wanaume," alisema Bi Maureen, na akaenda kuhudumia mteja.

Kuna jambo jengine alinifundisha, na hili lisomeni mara mbili. Mtu akishanusa aina tatu pua huchoka, haitambui tena kitu. Mmeona lile bakuli la kahawa pale kaunta? Bi Maureen alikuwa akilicheka. Alisema ni pambo tu. Pua ikichoka, alisema, nusa mkono wa nguo yako mwenyewe. Nguo yako ndiyo nyumbani kwa pua yako, ikirudi hapo inapumzika, halafu inatoka tena. Nikashika hilo. Kwa siku nilikuwa nanusa mkono wa koti langu jeusi la kazini mara mia, na koti lile lilikuwa halina harufu yoyote, maana lilifuliwa kwa sabuni isiyonukia na likalala kwenye kabati la dukani. Pia tulitia saini karatasi: mfanyakazi wa kaunta asivae manukato mengine ila yale anayoyauza siku hiyo. Nilitia saini kwa moyo safi na nikaifuata. Hata siku za sikukuu nilikuwa nakwenda kazini mkavu.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi. Wanaume waliogombana na wake zao ndio wateja wakubwa wa kaunta, msidanganywe na sikukuu ya wapendanao. Nilikuwa nawauliza, "Kosa dogo au kubwa?" Na chupa nikaichagua kwa jibu hilo. Lakini kesi ninayoikumbuka zaidi ni ya msichana aliyeleta chupa tupu ya marehemu mama yake. Aliitaka kama ile, na ile ilikuwa haitengenezwi tena. Mimi nilikwisha sema pole. Bi Maureen alichukua jina la msichana, akapiga simu siku tatu, wakati wa chai yake mwenyewe, mpaka akaipata moja katika stoo ya duka dogo la dawa kule Wolverhampton. Alikwenda kuichukua Jumapili kwa basi. Msichana alipoifungua alilia pale kaunta, nami nikalia, na Bi Maureen akatwambia sote wawili twende tukalie pembeni, tunazuia foleni. Huyo ndiye mwanamke ninayetaka mumjue kabla sijafika kwenye mkasa wenyewe.

Mkasa ulikuja mwaka uliofuata ile michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Perry Barr, mji wote ukiwa bado una kiburi. Kampuni moja ya manukato ya ghali ilileta chupa mpya. Jina lake la Kifaransa sitalitaja, na hata ningetaka ulimi haulifikii. Sisi tuliiita Hina tu. Chupa ilikuwa ya kioo cha rangi ya kahawia, imechorwa kwa dhahabu maua na majani yanayopanda, kama mkono wa bibi harusi. Kijitabu kilisema haya ni manukato yaliyotokana na sanaa ya kale ya kuchora hina. Nilifurahi mno. Shangazi yangu Unguja alikuwa mpambaji, mikono ya mabibi harusi wangapi imepita kwenye magoti yake, na mimi ndiye niliyekuwa nikimkorogea hina kwa ndimu na mafuta ya karafuu. Nikapulizia kwenye kijikaratasi. Nikahesabu kumi. Nikanusa.

Ilikuwa ndimu, karafuu kidogo, na kitu mfano wa taulo la hoteli. Nikamtazama Bi Maureen, na yeye akanitazama mimi.

"Nzuri," alisema.

"Nzuri," nikasema. Maana kazi ni kazi.

Meneja wetu wa ghorofa, Gareth, kijana mpole mwenye tai nyembamba, akaja na fikra. Kampuni inataka kwa wiki mbili za uzinduzi asimame kaunta mtu "anayetoka huko," avae nguo za kwao, achorwe hina, ajipake manukato haya na kuyauza. Akanitazama. Mimi na goti langu bovu, na umri wangu wa bibi! Lakini nisiwe mwongo, nilifurahi. Wapwa zangu walinichora hina na piko mikono yote miwili mpaka viwikoni. Nikatoa sandukuni kanzu yangu ya hariri ya zambarau na mtandio wake. Na kila asubuhi, kabla sijavaa, nikafanya kile alichofanya mama yangu na mama yake: nikawasha mkaa, nikatia udi kwenye chetezo, nikaifunika nguo juu yake mpaka ikanywa moshi wa kutosha. Sikulifikiria hata chembe. Kwetu nguo ya shughuli haijawa nguo mpaka ifukizwe. Ndiyo kuimalizia, kama kupiga pasi. Nikifika kaunta najipulizia ile Hina mkononi na kwenye mtandio, nasimama.

Jamani! Watu walijaa kama kuna sadaka. Wanawake walikuwa wanapita na mizigo yao, wanasimama ghafla, wanarudi nyuma hatua mbili. "Unanukia nini?" Nawaonyesha chupa. Wananusa kijikaratasi, wanakunja uso kidogo, wananusa mtandio wangu, wanafumba macho. "Nataka hiyo." Wazee waliosema kizuri chajiuza hawakukosea. Wiki ya kwanza shehena yote ilikwisha, wakaagiza nyengine. Gareth alikuwa anapita kaunta akisugua mikono. Na mimi, pua ikinichoka, nilikuwa naifanya kama nilivyofunzwa: nanusa mkono wa kanzu yangu, pua inapumzika, naendelea.

Wiki mbili zilipokwisha, nikarudi kwenye koti langu jeusi. Hapo ndipo chupa zilipoanza kurudi.

Ya kwanza tukasema mteja kabadilisha mawazo. Ya tatu Bi Maureen akavaa miwani. Zilipofika kumi na kitu Gareth akaacha kusugua mikono. Wote walikuwa na neno moja: hii si ile. Tuliyonunua nyumbani si tuliyonusa dukani. Kampuni ikamleta mtu wao kutoka London, mwanamke mmoja mwembamba aitwaye Camille, ambaye ndiye aliyesimamia utengenezaji wa ile Hina. Akazipima chupa zilizorudishwa: zote safi. Basi, akasema, tatizo lilikuwa kwenye chupa ya kujaribia. Kuna mtu pale kaunta aliichanganya na kitu kizuri zaidi ili auze. Udanganyifu huo, akasema, kashauona miji mingine. Na chupa ya kujaribia iko wapi? Ilikwisha, na Bi Maureen aliitupa, kama anavyotupa zote zikisha. Aliyezisaini zote nani? Bi Maureen.

Alikuwa amebakisha miezi mitatu kustaafu, baada ya miaka thelathini na moja. Wakamwambia akae nyumbani mpaka Jumatatu, siku ya kikao. Wakithibitisha, ataondoka kwa jina la tapeli, bila keki wala kwaheri. Alivaa koti lake, akachukua mkoba wake, akapita mbele yangu.

"Bi Maureen, wewe hujafanya," nikamwambia.

"Najua, bab," alisema. "Waangalie wateja." Akatoka. Sikulala vizuri tena wiki hiyo. Niliapa kwamba nikimpata aliyeichezea ile chupa nitamtia adabu kwa mkono wangu.

Jumamosi nilikuwa na mapumziko. Nikajitupia buibui langu, lililokuwa limelala sandukuni na ile kanzu, nikashuka Alum Rock Road kununua ndizi mbichi. Pale kwenye makasha ya ndizi nikasikia, "Auntie! Si ni wewe wa perfume?" Alikuwa Kemunto, nesi wa Kikenya, mmoja wa waliorudisha chupa.

"Auntie, usikasirike, lakini ile kitu mliniuzia haikuwa ile ulikuwa umevaa," aliniambia. "Hiyo yangu ikikauka ilikuwa inanuka tu kama sanitaiza ya wodini. Na ona sasa, leo tena umejipaka ile yako!"

"Leo sijajipaka kitu," nikamwambia. "Leo nimekuja kununua ndizi."

"Ai, usinidanganye." Akaushika mkono wangu, akanusa kiganja. Akakunja uso. Akanusa mkono wa buibui. Macho yakamtoka. "Woi! Auntie, ni nguo! Si yote, lakini ile ya chini, ile inabaki jioni, ndiyo hii! Wewe unaweka nini kwa nguo?"

Nilisimama pale na ndizi mkononi. Nilitamani lami ipasuke inimeze. Lahaula! Siku zote natafuta mwizi, kumbe mwizi nimemvaa.

Nikarudi nyumbani nikamweleza mume wangu, Haji, aliyekuwa dereva wa basi mji huu mpaka alipostaafu. Alicheka mpaka akatoa miwani kufuta machozi. "Nyani haoni kundule," alisema. "Miaka ishirini unawauzia watu harufu, yako mwenyewe huisikii!" Na nitaisikiaje? Kila pua ilipochoka nilikuwa naipeleka kwenye mkono wa kanzu ile ile. Niliipumzisha kwenye udi. Udi kwangu ulikuwa si harufu, ulikuwa hewa.

Kicheko kikaisha nikamimina chai. Karatasi niliitia saini. Nikisema kweli, basi mimi ndiye niliyevunja sharti siku kumi na mbili za kazi mfululizo, mbele ya watu, na umri wangu ule nani atanipa kazi nyengine? Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Kemunto keshachukua chupa nyengine, keshasahau. Sitawaficha, nililifikiria. Nililifikiria mpaka chai ikaota ngozi.

"Haji," nikasema, "watanifukuza."

"Huenda," alisema. "Kazi utapata nyengine. Maureen mwengine utampata wapi?"

Jumatatu nilipanda basi na mfuko wa sokoni. Ndani yake mlikuwa na chetezo, mkaa, kiberiti na kijikopo cha udi. Kikao kilikuwa chumba cha mapumziko cha wafanyakazi, ghorofa ya tatu. Sikuitwa. Nikabisha hodi nikaingia. Gareth alikuwa na makaratasi, Camille na kalamu, na Bi Maureen amekaa upande wa pili peke yake, koti hakulivua. Alionekana mdogo. Sijapata kumwona mdogo namna ile.

"Chupa ya kujaribia haijachezewa," nikasema nikiwa bado nimesimama. "Walichonusa wateja ni mimi."

Nikawaeleza. Gareth aliitafuta ile karatasi, akaisoma, akanionyesha saini yangu. "Lakini Rukia, hapa umekubali kutovaa manukato mengine."

"Na sikuvaa. Nilifukiza nguo."

"Tofauti iko wapi?"

"Gareth, shati hilo umelipiga pasi?"

"Ndiyo."

"Basi leo umevaa pasi?"

Akalitazama shati lake. Camille hakucheka. Aliniuliza kama naweza kumwonyesha. Nikamwambia sikubeba mfuko ule wote kwa ajili ya mazoezi. Nikawasha mkaa juu ya sinki, nikaupuliza ukashika, nikatia punje tatu za udi. Moshi ukapanda taratibu, mweupe. Camille alivua skafu yake ya hariri, akaipulizia ile Hina yake, akanipa. Nikaitandaza juu ya chetezo, nikaigeuza, nikamrudishia.

Alifumba macho. Alikaa hivyo muda mrefu hata Gareth akaanza kukohoa, sijui kwa moshi au kwa wasiwasi.

"Ndiyo," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Hiki ndicho tulichokikosa." Akasema walitazama picha za mikono ya mabibi harusi miezi sita. Walinusa unga wa hina, mbichi na mkavu. Walimlipa mtaalamu. "Lakini hatukuwahi kuingia chumbani anamochorwa."

"Mngeingia mngekuta chetezo mlangoni," nikamwambia. "Hina kwetu haikai bila moshi."

Na moshi ndio uliojibu. Kengele ya moto ililia, si ya chumba kile, ya jengo zima. Ngazi za umeme zikasimama. Ghorofa nne za watu zikatolewa nje barabarani: wateja na viatu vya kujaribu miguuni, mwanamke na nywele zake nusu zimepakwa rangi, wapishi wa mkahawa na aproni zao. Mimi nilitoka na chetezo changu kifuani kama mtoto mchanga, nimekifunika na koti. Magari mawili ya zimamoto yakaja. Bwana mmoja mrefu wa zimamoto aliniuliza ndani ya kile chombo kuna nini. Nikamwambia. Akainama akanusa. "Mke wangu angependa hiyo," alisema, na akaandika kitu kwenye daftari lake.

Kufika jioni mambo yalikuwa yamekaa sawa. Camille alimwomba radhi Bi Maureen mbele ya Gareth, na Gareth akamwomba radhi mbele ya kaunta yote, akasimama wima kama mwanafunzi. Miezi yake mitatu alirudishiwa, na keki yake. Mimi nilipewa barua mbili za onyo, moja ya kuvunja sharti la manukato na moja ya kuwasha moto mahali pa kazi. Ninazo mpaka leo. Tangu siku ile, kwa ile miaka iliyobaki, nilikwenda kazini na koti jeusi lisilonukia, na udi nikauwacha kwa siku zangu mwenyewe. Nasra, ndiyo maana nikakukataza kufukiza mtandio wako siku za kazi. Ulidhani nakuonea.

Jioni ile Bi Maureen alinichukua mkahawani, akaninunulia chai. Alikuwa anakoroga kikombe ambacho hakukitia sukari.

"Mimi nilijua, bab," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni nguo yako. Tangu siku ya kwanza ulipoingia na ile kanzu. Pua hii ni ya miaka thelathini na moja."

Niliweka kikombe chini. "Bi Maureen! Ulijua, na ukakaa nyumbani wiki nzima wanakuita tapeli? Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? 'Ni nguo za Rukia zinazonuka'? Wangekuita ofisini wakakunusa kama mbwa wa uwanja wa ndege." Akashusha sauti. "Halafu nilidhani ni mambo ya dini yako. Na mimi sikutaka kukuuliza, nikaogopa kukuvunjia heshima. Nikasema, miezi mitatu tu, nitaimeza."

Nawaambieni kweli, nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga kofi, vyote kwa pamoja. Miaka ishirini tumekula biskuti kwenye kopo moja, na alikuwa tayari kuondoka na aibu ya maisha kuliko kuniuliza swali moja la jambo la nguo zangu. Mimi nami sikuwahi kumwambia. Nikalia pale mkahawani, yeye akatoa kitambaa chake, na safari hii hakutwambia twende pembeni. Basi nyinyi vijana, mkisikia kitu kwa mwenzenu, muulizeni. Ulizeni kwa adabu, lakini ulizeni.

Nilipokwisha kufuta macho nikamwambia, "Tena hukuuliza, ndiyo maana umekosea. Ile si ya dini."

"Si ya dini?"

"Msikitini twatia pia, na kwenye maulidi. Lakini ile niliyotia mimi kwenye kanzu, ule mchanganyiko wa mama yangu, ule ni wa mume."

Bi Maureen alivaa miwani yake akanitazama vizuri.

"Wa mume kivipi?"

Nikamsogelea sikioni nikamweleza: mashuka, nguo ya kulalia, na nywele kidogo. Masikio yalimwiva mpaka shingoni. Alikunywa chai yake yote kwa mkupuo mmoja. Kisha akasema, akitazama dirishani, kwamba Ken, mumewe, tangu astaafu kutwa yuko uani na njiwa wake wa mashindano, na usiku anazungumza habari za njiwa.

Nilifungua mfuko wangu wa sokoni, nikatoa kile kijikopo cha udi na mkaa uliobaki, nikavisukuma upande wake wa meza. Akavitia kwenye mkoba, akafunga zipu.

"Nifungue dirisha?" aliuliza.

"Kidogo," nikamwambia. "Usije ukawaita zimamoto."

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne nilifika kaunta nikamngoja. Saa tatu, hayupo. Saa tatu na nusu Gareth akaniuliza kama nimesikia chochote, nikamwambia asiwe na wasiwasi. Saa nne kasorobo Bi Maureen aliingia kwa mlango mkubwa, nywele hazijachanwa, vifungo vya koti vimepishana, akapita mbele yetu sote bila kumtazama mtu, akavaa miwani na kuanza kupanga chupa.

"Ken hajambo?" nikamuuliza.

"Njiwa," alisema Bi Maureen, "hawajalishwa mpaka sasa."